Rufaa, Marejeo au Mapitio: Ukishindwa Kesi Tanzania Bara, Ugonge Mlango Upi?

Hakimu akimaliza kusoma hukumu huongeza maneno machache: "Haki ya rufaa imeelezwa." Karani anaandika, jalada linafungwa, kesi inayofuata inaitwa. Aliyeshindwa anatoka nje akiwa ameelewa jambo moja tu, kwamba huko juu kuna mahakama nyingine. Ushauri unaanzia pale nje kwenye mabenchi. Mmoja anamwambia akate rufaa. Wa pili, aliyewahi kuwa na kesi yake miaka ya nyuma, anamwambia aombe marejeo kwa kuwa eti ndiyo njia ya haraka. Wa tatu anamshauri amrudie hakimu yuleyule, aitazame upya hukumu yake.

Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria kwa muda wa kutosha kuona jinsi ushauri wa benchi unavyogharimu. Mama mmoja alinijia na bahasha ya kaki iliyochakaa. Alikuwa ameshindwa kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi, na alikuwa na hoja ya kweli: shahidi wake mkuu hakusikilizwa. Mtu akamwandikia ombi la marejeo. Likakaa miezi kadhaa, kisha likaondolewa mahakamani kwa sababu rufaa ilikuwepo na hakuitumia. Siku za rufaa nazo zilikuwa zimekwisha zamani. Hoja yake ilibaki nzima, hakuna jaji aliyeigusa.

Makala hii ni kwa aliyesimama hapo alipokuwa amesimama mama yule. Inahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na taratibu zake, ingawa mashauri yake mengi huishia Mahakama ya Rufani hiihii ya Tanzania. Yaliyoanzia Mahakama ya Kadhi hayafiki huko. Msomaji wa Kenya ataona misingi inafanana, lakini asichukue siku zilizotajwa hapa, kwa sababu za kwao ni tofauti. Namba za vifungu nimeziacha kwa makusudi. Toleo la 2023 la sheria zilizorekebishwa limebadili namba nyingi, na kifungu ulichokariri kwenye hukumu ya zamani huenda leo kinazungumzia jambo jingine kabisa.

Maneno matatu yanayochanganywa

Rufaa, au rufani kama mahakama yenyewe inavyopenda kuiita, ni kuipelekea mahakama ya juu hukumu na kusema: hapa na hapa imekosea. Marejeo ni mahakama ya juu kuliita jalada la mahakama ya chini na kulikagua kama shauri lilikwenda kihalali. Mapitio ni mahakama ileile iliyotoa uamuzi kuutazama tena uamuzi wake. Magazeti hubadilishana haya mawili ya mwisho, na hata wanasheria hawasemi kwa sauti moja. Ukiambiwa "omba marejeo," uliza swali moja: jalada linapanda juu, au linabaki palepale?

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale. Nani anaruhusiwa kuitumia? Mahakama itatazama nini? Una siku ngapi? Makabrasha yanaandaliwa na nani, kwa gharama ya nani? Hukumu inasimama au inaendelea kutekelezwa wakati unasubiri? Na je, unaweza kutoka ukiwa na hali mbaya kuliko uliyoingia nayo? Mwishoni nasema inamfaa nani. Katika kila swali natenganisha jinai na madai, kwa kuwa majaji wanaosikiliza ni walewale lakini wanachokitafuta katika jalada la jinai sicho wanachokitafuta katika jalada la madai.

RUFAA

*Nani anaruhusiwa.* Kwenye jinai, aliyetiwa hatiani anaweza kupinga kutiwa hatiani, adhabu, au vyote viwili. Aliyekiri kosa amefungiwa sehemu kubwa ya mlango: anaweza kulalamikia ukubwa au uhalali wa adhabu tu. Lakini mahakama zimeacha upenyo, na nausema kwa sauti kwa sababu magerezani wapo wengi wasioujua. Ikiwa maneno ya kukiri yalikuwa na utata, au mtu alikiri bila kuelewa, au hati ya mashtaka haikuonyesha kosa lolote, au maelezo aliyoyakubali hayatengenezi kosa kisheria, rufaa dhidi ya kutiwa hatiani husikilizwa.

Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, nayo ina haki hiyo, kwa hiyo aliyeachiwa huru asidhani yamekwisha. Kesi ya mauaji ya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi mmoja, waliouawa Januari 2006, ndiyo mfano unaokumbukwa na wengi. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa wote, akiwemo Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Jamhuri ikakata rufaa. Mwaka 2013 rufaa hiyo ikaondolewa kwa sababu taarifa ya kukata rufaa ilikuwa na kasoro. Jamhuri ikajipanga upya, ikarudi, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaacha Zombe abaki huru, lakini mmoja wa maofisa wa polisi waliokuwa wameachiwa pamoja naye akatiwa hatiani na kuhukumiwa adhabu ya kifo. Hapo kuna mafunzo mawili kwa mpigo: kuachiwa na mahakama ya kwanza si mwisho wa shauri, na rufaa *iliyoondolewa* kwa kasoro inaweza kurudi, tofauti na *iliyotupwa* baada ya kusikilizwa.

Kwenye madai, mdai au mdaiwa yeyote aliyeumizwa na hukumu anaweza kukata rufaa, ila si kwa kila amri. Amri ndogo za katikati ya safari, kama kukataliwa kwa pingamizi la awali, hazipandi juu mpaka shauri liishe, isipokuwa amri hiyo yenyewe imemaliza mgogoro. Na kama hukumu ilitolewa upande mmoja kwa sababu hukufika mahakamani, mlango wako wa kwanza uko palepale ilipotolewa: omba itenguliwe ndani ya siku 30, ueleze kilichokuzuia kufika.

*Kinachotazamwa.* Hapa ndipo rufaa inapozipita njia nyingine zote, na hapa ndipo jinai na madai zinapoachana waziwazi.

Rufaa ya kwanza ni kusikilizwa upya kwa kalamu. Mashahidi hawaitwi tena. Majaji wanasoma mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyosemwa mahakamani), vielelezo na hukumu, kisha wanaupima ushahidi wenyewe na kufikia uamuzi wao. Msingi huu tumeurithi kutoka Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki: *Pandya dhidi ya Jamhuri* ya 1957 na *Okeno dhidi ya Jamhuri* ya 1972 kwenye jinai, *Selle* ya 1968 kwenye madai. Mpaka leo kesi hizo zinatajwa Dodoma na Nairobi vilevile. Kitu kimoja tu majaji hukiheshimu sana: hakimu wa kwanza ndiye aliyemwona shahidi kwa macho, akaona anavyojibu na anavyosita.

Kwenye jinai swali ni hili: je, Jamhuri ilithibitisha kosa bila kuacha shaka ya msingi? Mrufani hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakutenda. Akionyesha shaka moja yenye uzito, inatosha. Labda shahidi alisema alimtambua usiku lakini hakueleza mwanga ulitoka wapi wala alikuwa umbali gani. Labda dawa zilizokamatwa zilipita mikononi mwa watu watatu na hakuna hati inayoonyesha nani alimkabidhi nani. Nyuzi za namna hiyo ndizo zinazovutwa kwenye rufaa za jinai, na wafungwa wengi wameachiwa kwa uzi mmoja tu.

Kwenye madai shaka haikusaidii. Kipimo ni mizania: upande upi ulikuwa mzito zaidi? Unaweza kuonyesha kwamba ushahidi wa mwenzako ulikuwa na matobo, na bado ukashindwa kwa sababu wa kwako ulikuwa mwepesi zaidi. Nimeona watu waliosoma hukumu za jinai kwenye mtandao wakaandika sababu za rufaa ya shamba wakilalamika kwamba mpinzani "hakuthibitisha bila shaka." Jaji anaisoma sababu hiyo mara moja na kuendelea na nyingine.

Rufaa ya pili ni nyembamba zaidi. Ikiwa mahakama mbili zimekubaliana juu ya ukweli, Mahakama ya Rufani haiingilii isipokuwa waliuelewa vibaya ushahidi, wakaacha jambo la maana, au wakakiuka kanuni ya sheria. Msimamo huo umewekwa kwa jinai katika *Mkurugenzi wa Mashtaka dhidi ya Jaffari Mfaume Kawawa* (1981), na kwa madai katika *Amratlal Damodar* (1980). Hoja ya ukweli usiyoitoa Mahakama Kuu kwa kawaida haitasikilizwa Mahakama ya Rufani (kuanzia hapa naiita Rufani tu). Hoja ya sheria inaweza. Na shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo haliingii Rufani mpaka Mahakama Kuu itoe cheti kwamba lina hoja ya sheria inayostahili. Kibali cha kukata rufaa kilichokuwa kikihitajika kwenye madai mengi, ikiwemo ardhi, kiliondolewa na marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2023. Atakayekuambia ukakiombe amebaki kwenye sheria ya zamani.

Si kila kosa la hakimu linavunja hukumu. Majaji huuliza: kosa hili limesababisha haki kupotea? Kama jibu ni hapana, hukumu inasimama na kosa lake.

*Siku.* Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30, na kutoka hapo kwenda Mahakama Kuu ni siku 30 nyingine, iwe jinai au madai. Jinai iliyoanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi ina hatua mbili: taarifa ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Siku 10 ni chache mno kwa mtu aliyetoka kufungwa jana. Madai yaliyoanzia mahakama hizohizo yana siku 90. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, siku 45. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Rufani, taarifa ya rufaa ndani ya siku 30.

Siku ulizokaa ukisubiri nakala ya hukumu na mwenendo kwa kawaida hazihesabiwi, mradi uwe na barua ya kuonyesha uliziomba lini na ulipewa lini. Ila rufaa inayotoka Mahakama ya Mwanzo hailazimiki kuambatishwa na nakala ya hukumu, kwa hiyo usikae nyumbani ukisubiri nakala huku siku 30 zikiyeyuka.

*Makabrasha na gharama.* Huku jinai ina huruma. Rufaa ikienda Rufani, Msajili ndiye anayeandaa kumbukumbu ya rufaa, yaani nyaraka za shauri zilizokusanywa pamoja, na kumpelekea mrufani, naye ana siku 21 tangu aipokee kuleta sababu zake. Aliye gerezani hupitisha karatasi zake kwa mkuu wa gereza. Kwenye madai, mzigo wote ni wa mrufani. Ndani ya siku 30 aombe nakala kwa barua na ampe mpinzani nakala ya barua hiyo. Ndani ya siku 60 tangu taarifa ya rufaa aandae kumbukumbu nzima, akose ukurasa mmoja wa lazima apate shida. Msajili akichelewesha nakala, hutoa cheti kinachoondoa siku hizo kwenye hesabu, lakini cheti hicho hakimsaidii ambaye hakuandika barua kwa wakati au hakumpa mpinzani nakala yake. Rufaa nyingi za madai zinafia hapa kabla hoja yoyote haijasomwa.

*Hukumu wakati unasubiri.* Mfungwa anaendelea kutumikia. Dhamana ya kusubiri rufaa ipo kisheria lakini hutolewa kwa nadra, kwa mwenye rufaa inayoonekana wazi kuwa na nafasi kubwa ya kushinda. Kwenye madai, kukata rufaa hakumzuii dalali wa mahakama kuja na gari lake. Unaomba kando kusimamisha utekelezaji. Kwa Rufani una siku 14 tangu ulipopewa taarifa ya kukaziwa hukumu (kutekelezewa kwa nguvu), na lazima uweke dhamana ya kuilinda hukumu usije ukashindwa.

*Hatari.* Mahakama Kuu inaweza kuongeza adhabu baada ya kumpa mrufani nafasi ya kujieleza. Mtu aliyepewa adhabu chini ya ile iliyowekwa na sheria, mathalani chini ya miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, akienda kulalamikia ukali wake anaweza kurudi na ileile ya kisheria. Pia inaweza kuamriwa kesi ianze upya, ingawa tangu *Fatehali Manji* ya 1966 kanuni ni kwamba kesi hairudiwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Kwenye madai hatari ni gharama: ukishindwa unaweza kulipa zako na za mwenzako.

*Inamfaa nani.* Anayelalamikia jinsi ushahidi ulivyopimwa, sheria ilivyotafsiriwa, kiasi cha fidia au adhabu.

MAREJEO

*Nani anaruhusiwa.* Hapa mlango una upana wa aina yake. Mahakama ya juu inaweza kuliita jalada yenyewe bila kuombwa na mtu. Na ambaye hakuwa sehemu ya shauri anaweza kuja. Fikiria kaka wawili wamegombea kiwanja mahakamani, mmoja akashinda, kisha wewe uliyenunua kiwanja hicho miaka 5 iliyopita unasikia habari dalali akiwa mlangoni. Rufaa huwezi, maana hukuwa mdai wala mdaiwa. Kama shauri lilikwisha Mahakama Kuu, njia yako ya kupanda Rufani ni marejeo.

*Kinachotazamwa.* Uhalali wa mwendo, si uzito wa ushahidi. Je, mahakama ilikuwa na mamlaka? Ilikataa kutumia mamlaka iliyokuwa nayo? Ilimhukumu mtu bila kumsikiliza? Kwenye jinai Mahakama Kuu hukagua usahihi na uhalali wa hukumu, adhabu au amri, na imewahi kutoa watu gerezani kwa adhabu zilizovuka mamlaka ya hakimu. Hapo jinai ina nafasi pana kidogo kuliko madai.

Mpaka wa njia hii uliwekwa na Mahakama ya Rufani katika *Halais Pro-Chemie dhidi ya Wella A.G.* ya 1996, baada ya kesi nyingine mbili za 1995. Marejeo si mbadala wa rufaa. Mwenye haki ya rufaa haruhusiwi kuiruka, isipokuwa rufaa imezibwa na mchakato wa mahakama yenyewe au kuna mazingira ya kipekee kabisa. Mama yule wa bahasha ya kaki aliangukia kwenye kanuni hiyo.

*Siku.* Kwa kawaida 60, Mahakama Kuu kwa madai na Rufani vilevile. Kuna tawi moja ambalo marejeo ndiyo njia kuu: mashauri ya kazi. Tuzo ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani uamuzi wake juu ya mgogoro wa kazi, haikatiwi rufaa; mfanyakazi au mwajiri asiyeridhika huomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki 6. Waliofukuzwa kazi wanaofungua "rufaa" hupoteza wiki hizo bure.

*Makabrasha na gharama.* Ni ombi lenye hati ya kiapo, pamoja na nakala za mwenendo na uamuzi unaolalamikiwa. Ni jepesi kuliko kumbukumbu ya rufaa, na pengine hiyo ndiyo sababu watu wa benchini huliita la haraka. Kiapo ndicho roho yake: ukiapa jambo usilolijua mwenyewe bila kutaja ulikolipata, ombi zima linatetereka.

*Hukumu wakati unasubiri.* Haisimami yenyewe. Omba amri ya kusimamisha.

*Hatari.* Kubwa ni ile niliyokwisha kuisimulia: ombi kuondolewa huku siku za rufaa zimepita. Kwenye jinai, adhabu inaweza kuongezwa hapa pia, na mwenye kuathirika lazima asikilizwe kwanza.

*Inamfaa nani.* Asiyekuwa sehemu ya shauri, asiyepewa na sheria haki ya rufaa, mwenye tuzo ya Tume ya kazi, na mfungwa ambaye adhabu yake yenyewe ni haramu.

MAPITIO

*Nani anaruhusiwa.* Kwa Mahakama Kuu na za chini, njia hii ni ya madai hasa. Kwenye jinai, hakimu akishasoma na kusaini hukumu kazi yake imekwisha. Anaweza kusahihisha kosa la uandishi, hawezi kubadili mawazo. Mahakama ya Rufani ndiyo inayoweza kupitia hukumu zake za jinai na za madai.

*Kinachotazamwa.* Mahakama Kuu na za chini, kwenye madai, hutazama mambo matatu: ushahidi mpya wa maana ambao hata kwa juhudi zote hukuweza kuupata wakati ule, kosa linaloonekana waziwazi kwenye kumbukumbu, au sababu nyingine ya kutosha. Mahakama ya Rufani ina orodha yake na haitoki nje yake: kosa la wazi lililosababisha haki kupotea, mtu kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, uamuzi ulio batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa njia haramu, ulaghai au ushahidi wa uongo. Angalia kilichokosekana: ushahidi mpya haumo.

"Kosa la wazi" limeelezwa katika *Chandrakant Joshubhai Patel* ya 2004. Ni kosa ambalo mtu anayesoma kwa mbio analiona. Kama unahitaji kurasa 20 za hoja kulionyesha, si la wazi. Hiyo ni rufaa imevaa kanzu ya mapitio. Majaji wamelikataa vazi hilo mara nyingi, wala hawalisikilizi kwa huruma, hasa ukikumbuka kwamba ombi hurudi, inapowezekana, kwa jopo lilelile lililoandika hukumu.

Mwanamuziki Nguza Viking na wanawe waliipita njia hii yote. Walitiwa hatiani mwaka 2004 na kupewa kifungo cha maisha. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia huru wawili kati ya wanawe na kubakiza hukumu ya baba na mwana mmoja. Wakaomba mapitio, yakakataliwa mwaka 2013. Walitoka Desemba 2017 kwa msamaha wa Rais, ambao ni huruma ya dola na haufuti hukumu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilikuta mwaka 2018 kwamba baadhi ya haki zao kwenye kesi zilikiukwa. Tangu Tanzania ijitoe kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kufungua shauri kule, uamuzi ulioanza kutumika Novemba 2020, mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya ya watu binafsi. Naona ni hasara kwa waliofikia mwisho wa ngazi.

*Siku.* Madai Mahakama Kuu na za chini, 30. Rufani, 60.

*Makabrasha na gharama.* Kidogo kuliko njia zote tatu: ombi, kiapo, nakala ya uamuzi.

*Hukumu wakati unasubiri.* Inaendelea kutekelezwa.

*Hatari.* Rufani haipokei mapitio ya mapitio. Ukikosea nafasi hiyo hakuna nyingine. Na kwenye mahakama za chini, huwezi kuomba mapitio huku umekata rufaa.

*Inamfaa nani.* Mwenye hitilafu ambayo jaji mwenyewe, akionyeshwa kwa kidole, ataikubali: amesahau ombi lililokuwa mezani, amejumlisha vibaya, ameamua bila samansi kumfikia mhusika.

Kwa hali yako

Kama umefungwa na unaamini ushahidi haukutosha, ni rufaa, na jambo la leo ni ile taarifa ya siku 10. Mwambie askari wa gereza unataka kukata rufaa, sababu utaziandika baadaye. Kama ulikiri, tafuta kwanza nakala ya mwenendo usome maneno yako yalivyoandikwa. Sheria ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo nakala unayoweza kuisoma mwenyewe si jambo la kuombea hisani.

Kama umeshindwa kesi ya ardhi au deni na unaona ushahidi wako umepuuzwa, ni rufaa pia, lakini pima mfuko. Ikiwa mgogoro ni wa shilingi laki nane na njia inaelekea Rufani, mazungumzo na mwenzako yanaweza kukuachia zaidi ya ushindi wa miaka minne. Hilo ni la kuamua wewe. Sheria inaruhusu kupatana hatua yoyote.

Kama hukuwahi kuitwa mahakamani na hukumu imetoka, rudi mahakama ileile. Kama hukuwa sehemu ya shauri na mali yako imeguswa, ni marejeo, na kama dalali tayari ameikamata, zipo pia pingamizi za mali iliyokamatwa kwenye mahakama inayokaza hukumu. Hizo huwa za haraka zaidi, anza nazo.

Kama hati iliyopotea imeonekana baada ya hukumu ya madai, ni mapitio ikiwa bado hujakata rufaa. Ukishakata, omba mahakama ya rufaa iupokee ushahidi wa ziada, na ujue hutolewa kwa ugumu.

Kama umeachiwa huru, weka anwani yako wazi na usitupe karatasi zako, kwa kuwa Jamhuri ina siku zake.

Na kama siku zimepita, chochote kati ya hivi vitatu kinaanza na ombi la kuongezewa muda. Mahakama inataka maelezo ya kila siku ya kuchelewa. "Nilikuwa naumwa" bila cheti cha hospitali haitoshi, "sikujua sheria" haitoshi kabisa. Uharamu unaoonekana wazi kwenye hukumu yenyewe unaweza kukuokoa hata maelezo yakiwa na pengo.

Ukikosa pesa ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria katika wilaya, na hukumu karibu zote nilizozitaja zinasomeka bure kwenye TanzLII. Kabla ya kumtafuta yeyote kati yetu, nenda masjala na barua ya kuomba nakala ya hukumu, tuzo (hapa ni amri rasmi inayotokana na hukumu) na mwenendo wa shauri. Andika mbili. Moja waachie, nyingine igongwe mhuri wenye tarehe, ibaki nayo mkononi mwako.